Shajara ya mradi: mazungumzo ya mezani na wapiga picha na mafundi wa Lubumbashi

Mei: maswali

Mradi huu unakusanya mazungumzo na watu wa Lubumbashi wanaotengeneza picha na sanamu kwa mikono yao: wapiga picha wa studio na wa kutembea, wapiga shaba wanaoinua picha kwa nyundo kwenye bati la shaba, wachoraji wa turubai za mifuko ya unga, wachongaji wa malakiti, lile jiwe la kijani. Tunachofuata ni mwendo wa kazi, toka inapoanza hadi mwenyewe anapoweka chombo chini na kusema imetosha. Majina hayatajwi humu mpaka kila mmoja asome maneno yake na kukubali, kwa hiyo hapa yanaonekana mambo ya ufundi tu.

Katika orodha yetu ya maswali hakuna lile la "wazo ulilitoa wapi". Msanii yeyote aliyewahi kuhojiwa redioni ana jibu lake tayari, na jibu hilo halibadiliki kazi ikibadilika. Tunauliza maamuzi: ulianza na nini, ulitupa nini, ulikwama wapi, ulijuaje kwamba umefika. Na maswali hayo hayaulizwi mikono mitupu. Lazima kitu kiwe mezani: negativu, bati lililopigwa nusu, turubai ambayo mteja hakurudi kuichukua. Mtu akishika kitu, ulimi wake hufuata vidole, na vidole havina jibu la redioni.

Mfano mzuri ulitoka hapahapa Katanga. Miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alikaa na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha hapa, wakazungumza mchoro mmoja baada ya mwingine, kinasa sauti kikiwaka, kwa Kiswahili cha Katanga. Michoro ilizidi mia moja. Kwa kuwa kila mazungumzo yameshikamana na turubai fulani, msomaji wa leo anaweza kuwafuata bila kupotea. Sisi tunachukua njia hiyohiyo, ila tunaielekeza zaidi kwenye mkono kuliko kwenye historia inayosimuliwa.

Mei: vifaa

Kinasa sauti cha njia mbili, maiki mbili ndogo za kubana kwenye nguo, maiki moja ya kusimamisha, seti mbili za betri za kuchaji, kadi mbili za GB 32, vipokea sauti vya kufunika masikio. Tunarekodi WAV, faili ya sauti isiyobanwa, kHz 48, biti 24. Kwa njia mbili hiyo ni kama GB 1 kwa saa, hivyo kadi moja inabeba siku nzima na kubaki na nafasi. Hatuanzi na MP3: faili ikibanwa, sauti kali na fupi kama ya nyundo au msasa ndiyo ya kwanza kuharibika, na katika kazi hii sauti hizo zina maana.

Maiki ya nguo inakaa kifuani, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Waya wake unapigwa kitanzi kimoja na kubandikwa kwa utepe, ili mtu akigeuka kivutike kitanzi na maiki ibaki mahali pake. Nguo ya nailoni hukwaruza. Shati la pamba au kikwembe (kitenge) havisumbui. Kilele cha maneno kinawekwa kwenye dB −12, yaani 12 chini ya kikomo cha kinasa. Simu zote, pamoja na za wapita njia walioingia kuangalia, ziko katika hali ya ndege, kwa sababu simu inapotafuta mtandao huacha mngurumo wa kukatakata ambao programu haiondoi vizuri.

Msimu umechaguliwa kwa makusudi. Karakana nyingi za komuni za mji huu za Kenya, Katuba na Kamalondo zina paa la bati lisilo na dari. Kuanzia Novemba, matone ya kwanza yakigonga bati, sauti ya mtu imekwisha. Kiangazi hakina shida hiyo, ila kina vumbi na jenereta. Umeme ukikatika, jenereta ya jirani inawaka, na mngurumo wake wa chini unaingia kila mahali. Kichujio cha kukata chini ya Hz 80 husaidia kiasi. Kinachosaidia zaidi ni kuhamia upande wa pili wa ukuta na kusogeza maiki karibu na mdomo. Kabla ya kuzima mashine tunarekodi dakika moja ya mahali penyewe bila mtu kusema. Kipande hicho hutumika baadaye kuziba mikato.

Kwa mzee, habari za nyumbani zinakwenda kwanza, mashine ikiwa imezimwa. Anaitwa Papa au Mzee, mwanamke Mama; aliyemzidi muulizaji kwa miaka michache ni Yaya. Anayeuliza ni mmoja. Wa pili anashika mashine na hafungui mdomo mpaka mwisho. Mtu akinyamaza, muulizaji anahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuongeza neno, maana sehemu kubwa ya maelezo mazuri huja baada ya kimya hicho.

Juni: wapiga picha, fremu zote mezani

Ombi letu kwa mpiga picha ni moja: lete kazi moja, na ulete yote. Fremu zilizotoka vibaya, zilizorudiwa, zile zisizoonyeshwa kwa mteja. Mwenye filamu analeta karatasi ya kontakti, ile moja inayobeba fremu zote 36 kwa ukubwa wa negativu. Mwenye kamera ya dijitali anapakia folda nzima bila kufuta kitu. Kisha anazigawa katika mafungu matatu: zinazobaki, zinazotupwa, zenye mashaka. Mazungumzo yanakwenda juu ya fungu la tatu. Picha nzuri hujieleza kwa sifa, mbaya kwa kosa. Picha yenye mashaka humlazimisha mwenyewe kutaja kipimo anachotumia.

Folda ya dijitali ina msaada mwingine: kila faili imeandikwa saa na sekunde ya kupigwa. Tunapanga kwa saa na kutafuta mapengo. Fremu saba ndani ya sekunde nne, halafu dakika sita bila kitu, halafu fremu moja peke yake. Tunaelekeza kidole kwenye pengo na kuuliza: hapa ulikuwa unafanya nini? Alihama, alibadilisha lenzi, alisubiri wingu, alikuwa anamshawishi bibi harusi akae kivulini. Hapo ndipo picha ilipotengenezwa, na kamera haikupiga chochote.

Ili hayo yafanyike, saa ya kamera iwe sahihi. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na kamera nyingi zilizonunuliwa au kuwekwa sawa Kinshasa zimebaki na saa ya kule. Kazi iliyopigwa kwa kamera mbili inachanganyika vibaya ikiwa moja imechelewa saa nzima. Tiba ni kupiga kwa kila kamera picha ya simu ileile inayoonyesha saa, kisha kusahihisha tofauti kwenye kompyuta. Namba za faili nazo hudanganya: kamera nyingi zikifika 9999 huanza tena 0001, na faili mbili tofauti zinabeba jina moja. Tunazipa majina mapya kabla ya kuzichanganya: tarehe, herufi mbili za mpiga picha, namba ya tarakimu nne.

Picha zilizopita WhatsApp kama picha hazifai kwa kazi hii. Zimepunguzwa ukubwa na maelezo ya saa yamefutwa. Zikitumwa kama dokumenti hubaki kamili, lakini waya au kadi ni bora.

Swali la gharama ya fremu moja linaulizwa kwa kila mmoja. Bamako, Seydou Keïta alikuwa akipiga mteja mara moja tu kwa filamu ya bapa ya sentimita 13 kwa 18, kwa sababu kila bapa lilikuwa pesa. Uamuzi wote ulifanyika kabla ya kubonyeza: kiti, kitambaa cha nyuma, mkono uwekwe wapi. Bangui, Samuel Fosso alianza kijana kabisa, miaka ya 1970, kujipiga mwenyewe kwa fremu zilizobaki mwisho wa filamu za wateja. Ufukara wa fremu kwa mmoja ulileta utulivu, mabaki ya fremu kwa mwingine yalileta mchezo. Kwa kijana wa Lubumbashi mwenye kadi ya GB 64, fremu ni bure na uamuzi umehamia usiku, mbele ya kompyuta. Ndiyo maana kwake mazungumzo ya mafungu matatu yanazaa, na kwa mzee wa studio yanazaa zaidi yale ya kiti na kitambaa: tunamwomba amkalishe mtu kweli, na tunarekodi anavyompanga.

Mwanga wa nje una somo lake la mahali. Lubumbashi iko karibu nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri linafika kama nyuzi 55 juu ya upeo. Wiki ya mwisho ya Oktoba linapita utosini, na matundu ya macho yanakuwa meusi kwa kila anayesimama uwanjani. Wapiga picha wa kutembea humsogeza mteja kando ya ukuta mweupe ili mwanga urudi usoni. Udongo mwekundu nao hurudisha mwanga, lakini wenye rangi yake: chini ya kidevu na kwenye nguo nyeupe picha huwa na wekundu ambao mizani ya rangi ya kamera haiondoi bila kuharibu anga. Wanaoijua shida hiyo hutandika shuka jeupe miguuni, nje kidogo ya fremu.

Juni: negativu za studio

Sanduku la negativu hatuligusi kabla ya kulinusa. Harufu ya siki ni dalili ya filamu ya asetati inayooza. Inatengwa, kwa sababu mvuke wake huharakisha uozo wa jirani zake. Nyingine zinapigwa pumzi ya mpira wa hewa na brashi laini. Maji na spiriti haviruhusiwi hata kidogo. Mafundi wa studio walikuwa wakirekebisha uso kwa penseli iliyochongwa kama sindano, moja kwa moja juu ya negativu: kovu, mkunjo, jicho lililolegea. Kitambaa chenye unyevu kinafuta kazi hiyo kwa pigo moja, na pamoja nayo ushahidi bora tulio nao wa jinsi fundi alivyofikiri.

Kwa sababu hiyo tunaskani negativu nzima hadi ukingoni, pamoja na utepe, rangi nyekundu ya kuziba nyuma ya kichwa na namba ya mteja iliyokwaruzwa pembeni. Ya milimita 35 kwa dpi (nukta kwa inchi) 3200 inatoa kama pikseli 4,500 kwa 3,000, inayotosha kuchapisha sentimita 38 kwa 25. Ya sentimita sita kwa sita kwa dpi 2400 inatoa kama pikseli 5,300 kila upande. TIFF ya rangi ya biti 16 ya negativu ndogo ni kama MB 80, na tunaskani kwa rangi hata kama filamu ni nyeusi na nyeupe, la sivyo ile rangi nyekundu ya kuziba haitofautiki na kivuli. Negativu iliyojikunja ikigusa kioo huacha duara za upinde wa mvua. Inalazwa chini ya vitabu siku kadhaa kabla.

Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu, katika mfululizo wake wa 2006 uitwao Mémoire, aliwatoa wafanyakazi kwenye picha za kale za migodi na kuwasimamisha mbele ya picha zake mwenyewe za majengo yaliyoachwa ya Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Tunautaja kwa vijana wanaofanya montaji kwa sababu unafungua maswali ya mkono: ukingo wa mtu unakatwaje, mwanga wa picha mbili unapatanishwaje, au unaachwa makusudi usipatane? Kijana anayejibu swali la tatu kwa uhakika amekwisha kuifikiria kazi yake.

Julai na Agosti: shaba

Kwa wapiga shaba, mashine nzima ya mahojiano inageuka. Mtu hawezi kusema akipiga, na akiacha kupiga ili aseme, kazi anayoieleza imesimama. Ufumbuzi uko ndani ya ufundi wenyewe.

Bati la shaba la milimita 0.5 hadi 0.8 linachorwa kwa kupitisha mchoro wa karatasi juu ya kaboni. Mstari unafuatwa kwa patasi butu. Bati linageuzwa, linalazwa juu ya mpira au mfuko wa mchanga, na sehemu za kuinuka zinasukumwa toka nyuma kwa patasi ya kichwa cha mviringo. Linageuzwa tena, ardhi ya picha inasawazishwa. Kila pigo linaikaza shaba. Ikifika mahali nyundo inaruka badala ya kuzama, bati linapelekwa kwenye mbabula (jiko la makaa), linapashwa mpaka wekundu hafifu unaoonekana kivulini, kisha linatoswa majini. Chuma cha kaboni kingekakamaa kwa maji hayo. Shaba haikakamai, moto umekwisha kuilainisha na maji yanaipoza tu na kung'oa magamba meusi. Kisha kupiga kunaanza upya. Picha yenye uso wa mtu ulioinuka sana inarudi motoni mara kadhaa.

Dakika zile za motoni na majini ndizo za mazungumzo. Nyundo imelala, fundi anangoja, jambo alilofanya liko mikononi bado. Tunaacha mashine ikirekodi mfululizo, tunauliza wakati wa moto tu, na mwendo wa mazungumzo unafuata mwendo wa bati.

Maiki ni mbili kwenye njia mbili tofauti. Ya nguo ni ya maneno. Ya kusimamisha inawekwa mita moja na nusu kutoka kwenye bati, na kipimo chake kinarekebishwa kwa pigo kali kuliko yote, huku maneno yakibaki chini. Kipimo kikiwekwa kwa sauti ya mtu, nyundo inavunja kilele na hakuna namna ya kuirudisha. Kinasa cha biti 32 za kuelea kinasamehe kosa hilo. Cha biti 24 hakisamehi.

Mtu wa sauti wa kawaida angeiondoa nyundo. Sisi tunaiweka, kwa sababu fundi anaamua kwa sikio. Bati laini likipigwa hutoa sauti fupi, iliyokufa. Likikaza, sauti inapanda na kuendelea kulia. Ukimuuliza anajuaje wakati wa moto umefika, atasema mkono unamwambia, na ni kweli, kwa kuwa nyundo inarudi. Lakini kwenye rekodi kupanda kwa sauti kunasikika mapigo mengi kabla hajasimama. Tukimchezea kipande hicho, anaanza kutaja hatua ambazo hakuzitaja mara ya kwanza: pale anapopunguza nguvu, pale anapohamia kona nyingine ili asipasue. Kumrudishia fundi sauti ya kazi yake mwenyewe ndiyo njia iliyotupa maelezo marefu kuliko swali lolote.

Ufa hutokea mahali palipoinuka zaidi: pua, titi, bega la mnyama. Hapo shaba imenyooka ikawa nyembamba na imekaza kwa pamoja. Wanaochelewesha moto ili kuokoa makaa hupata ufa wa nywele unaoonekana tu bati likishikwa dhidi ya jua. Mwisho, bati linatiwa weusi, sehemu za juu zinasuguliwa kwa pamba ya chuma zing'ae, na vanishi inapakwa bati likiwa kavu kabisa na lisilo na alama za vidole. Kidole kilichogusa kabla ya vanishi kinaonekana kama doa la kahawia baada ya miezi, na hakiondoki bila kuvua vanishi yote.

Septemba: turubai

Historia ya uchoraji hapa inaonyesha njia kwenye turubai yenyewe. Karakana aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, iliyojulikana kama Hangar, ilitoa Bela Sara aliyepaka kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga aliyejaza umbo kwa mistari mifupi inayokwenda sambamba, na Pilipili Mulongoy mwenye samaki na ndege juu ya ardhi iliyojazwa alama kila pembe. Anayezungumza na mchoraji wa leo na aanze hapo: chombo gani kinagusa kitambaa.

Tunapiga turubai kwa mwanga wa pembeni, taa ikiwa nyuzi 10 hadi 15 tu kutoka kwenye uso wake. Mistari ya kwanza, sehemu iliyopakwa upya na mshono wa mfuko wa unga vinatokeza. Umeme usipokuwepo, mlango wa mashariki wa saa moja asubuhi unafanya kazi ileile. Picha hiyo inawekwa kando ya turubai na swali ni: hapa chini palikuwa na nini?

Wachoraji wanaorudia mada moja kwa oda ya wateja mara nyingi husema nakala zote ni sawa. Zikiwekwa mbili bega kwa bega, wenyewe huanza kuonyesha tofauti: askari aliyehamishwa kulia, bendera iliyokuzwa, anga iliyopakwa mwisho badala ya mwanzo kwa sababu rangi ya buluu ilikuwa imekwisha. Mazungumzo ya nakala mbili ni mafupi na yamejaa.

Malakiti tumeigusa tu. Ni jiwe laini, 3.5 hadi 4 kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, lenye mapigo ya kijani yanayoamua umbo kabla ya mchongaji. Vumbi lake ni la shaba na halifai mapafuni. Linakatwa na kusagwa likiwa limelowa, na sisi tunakaa upande wa upepo na barakoa. Jiwe la kusagia linafunika kila neno, kwa hiyo mazungumzo yanafanyika kwenye kung'arisha kwa mkono, msasa wa maji wa namba 400 hadi 2000.

Oktoba: maandishi na kurudi kwa wenyewe

Saa moja ya sauti inakula saa nne hadi sita za kuandika, na zaidi pale Kiswahili na Kifaransa vinapopokezana katika sentensi moja. Programu za kuandika zenyewe hazifai hapa bado: neno la Kifaransa hugeuzwa kuwa neno la Kiswahili linalofanana nalo kwa mlio, na Kiswahili cha Katanga hunyooshwa kifanane na cha pwani. Tunaandika kama ilivyosemwa. Kila zamu ya msemaji ina saa yake, na sauti za kazi zinaingia katika mabano ya mraba: [nyundo], [maji], [kimya, sekunde 8]. Kitu kinachoonyeshwa kwa kidole kinapewa namba ya picha yake, maana "hii hapa" bila picha ni maneno yaliyopotea.

Maandishi yanarudi kwa mwenyewe na kusomwa kwa sauti mbele yake. Karatasi ya ridhaa, kwa Kiswahili na Kifaransa, inatenga mambo manne ya kukubali au kukataa moja moja: sauti, maandishi, picha za kazi, picha ya uso. Siri ya rangi au ya mchanganyiko wa weusi wa shaba inafutwa akisema ifutwe. Kazi inabaki mali ya aliyeitengeneza, kama Ordonansi-Sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inavyolinda haki za watunzi.

Nakala ni tatu: kompyuta, diski ya nje, na diski nyingine inayokaa nyumba tofauti katika komuni tofauti. Diski haichomekwi moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani wakati wa kunakili. Umeme ukikatika katikati, faili inayoandikwa huonekana ipo lakini haifunguki. Tunanakili kompyuta ikiwa kwenye betri, kisha programu inalinganisha faili moja moja kabla kadi haijafutwa.

Kabla ya mvua kuanza kugonga bati: kumaliza skani za sanduku la pili la negativu, kurudi kwa wapiga shaba wawili na rekodi za nyundo zao, na kutafuta mchongaji wa malakiti mwenye jiwe ambalo bado hajalikata, ili tuanze naye kwenye mstari wa kwanza wa chaki.